Tahqiqul-Manat na Chanjo za Watoto: Mafunzo ya Kano, 1996 hadi 2006

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema.

Ndugu msomaji, suala la chanjo za watoto linapofikishwa kwa maulamaa, mara nyingi huletwa kama suala la hukumu peke yake: inajuzu au haijuzu? Likishajibiwa hilo, watu hudhani kazi imekwisha. Makala hii inakusudia kuonesha, kwa kupitia historia ya mji wa Kano, Kaskazini mwa Nigeria, kwamba hukumu haikuwa mahali palipokwama. Palipokwama ni pale ambapo wanazuoni wa Usulul-Fiqhi wanapaita tahqiqul-manat, yaani kuhakikisha kwamba jambo lililo mbele yetu lina kweli ile sifa ambayo hukumu imejengwa juu yake. Mwenye kujua kuwa kilevi ni haramu bado anahitaji kujua kama kinywaji kilichomo ndani ya chupa hii kinalevya. Kazi hii ya pili haimalizwi kwa kufungua kitabu. Inahitaji kuuliza, kupima na kuhesabu, na kwa lugha ya leo tunaiita utafiti.

Umar (R.A.) aliuliza kabla ya kuamua

Tuanze na kisa kinachojulikana na kila mwanafunzi wa hadithi, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alitoka Madina kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.), wakampa habari kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Hii ndiyo tauni ya Amwas ya mwaka wa 18 Hijria (639), ambayo baadaye ilimchukua Abu Ubayda mwenyewe.

Umar hakutoa amri hapo hapo. Aliwaita Muhajirina wa mwanzo, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa Fat-hi Makka, nao wakakubaliana kwamba arejee na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari kwenda katika kadari nyingine. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo kwa sababu ya haja yake, akasema anayo elimu juu ya jambo hilo: kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia.

Wengi wetu tunakitumia kisa hiki kuthibitisha kuwa kujikinga na maradhi hakupingani na kutawakali. Hilo ni sahihi. Lakini tutazame pia njia aliyoipita Khalifa. Aliuliza makundi matatu, akavumilia kutofautiana kwao, na elimu iliyokata shauri ikaja kwa mtu ambaye mwanzo hakuwepo barazani. Atafutaye ukweli wa jambo linalogusa uhai wa watu hana budi kuendelea kuuliza mpaka amfikie yule ambaye hajaulizwa.

Elimu ya kinga si ngeni kwetu

Baadhi ya watu huiona chanjo kama kitu kilicholetwa kutoka nje ya ulimwengu wa Kiislamu. Historia haisemi hivyo. Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya Ar-Razi, aliyefariki mwaka wa 313 Hijria (925), ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri kilichoitenganisha ndui na surua kwa dalili zake, akitegemea aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Karne nyingi baadaye, katika dola ya Uthmaniya, ilikuwa desturi kumpandikiza mtoto kiasi kidogo cha usaha wa ndui ili augue kidogo na apate kinga. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyaona hayo mwaka 1717, na mwaka 1718 akampandikiza mwanawe huko Istanbul, kisha akaipeleka habari hiyo kwao. Edward Jenner alipotumia ndui ya ng'ombe mwaka 1796, alikuwa akijenga juu ya msingi huo.

Basi chanjo ina nasaba katika historia yetu. Kwa nini, basi, mji wa Kiislamu wenye wanazuoni wengi ulikataa matone ya polio mwaka 2003?

Kano, 1996

Kano si mji wa wajinga. Ndiko alikofika Imam Al-Maghili mwishoni mwa karne ya 15, akamwandikia Sarki Muhammad Rumfa nasaha za utawala. Mwaka 1996 Nigeria ilipigwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo: wagonjwa walizidi 100,000 na waliokufa walizidi 11,000, na Kano ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Wakati huo kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilifika katika Hospitali ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Kano na kuijaribu dawa yake mpya iitwayo Trovan kwa watoto wapatao 100, huku wengine wapatao 100 wakipewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, 5 katika kundi la kwanza na 6 katika kundi la pili.

Kampuni ilisema, na ikaendelea kusema, kwamba waliokufa waliuliwa na homa yenyewe na kwamba jaribio lilifuata taratibu. Wazazi walisema hawakuelezwa kuwa watoto wao wamo katika majaribio. Habari hizi zilichapishwa na gazeti la Washington Post Desemba 2000. Jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya Nigeria liliona kuwa jaribio lile halikuwa halali, lakini ripoti yake haikujulikana kwa umma mpaka mwaka 2006. Kesi zilifunguliwa Marekani na Nigeria, na mwaka 2009 kampuni ikafikia suluhu na Jimbo la Kano kwa dola milioni 75, bila ya kukiri kosa.

Hapa inafaa kukumbusha uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu (Majma'ul-Fiqhil-Islami) lenye makao yake Jeddah. Katika kikao chake cha saba, mwaka 1412 Hijria (1992), Baraza liliamua kuwa matibabu huwa wajibu pale kuyaacha kunapopelekea mtu kuangamia, kupoteza kiungo, au kuwadhuru wengine kwa maradhi ya kuambukiza. Likaongeza kuwa mwenye mamlaka anaweza kulazimisha kinga. Lakini katika uamuzi huo huo Baraza liliweka sharti kwamba utafiti wa kitabibu ufanywe kwa ridhaa kamili, isiyo na kulazimishwa wala kurubuniwa kwa umasikini, na likazuia kuwafanyia majaribio wasiokuwa na uwezo wa kujiamulia, hata kama mawalii wao watakubali. Mwaka 2006, mjini Amman, Baraza likalirejea suala la utafiti juu ya binadamu na kuliwekea dhawabiti zaidi.

Kwa hiyo, miaka minne kabla ya tukio la Kano, fiqhi ilikuwa imekwisha kuyasema yote mawili kwa pamoja: kinga ni jambo la kuhimizwa, na mwili wa mtoto ni amana isiyochezewa. Aliyevunja la pili alilidhoofisha pia la kwanza.

Kano, 2003 na 2004

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya Kaskazini, yakiwemo Kano, Kaduna na Zamfara, yalisimamisha kampeni ya matone ya polio. Dakta Datti Ahmed, tabibu wa Kano aliyekuwa akiliongoza Baraza Kuu la Sharia nchini Nigeria, alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kuwa matone yale yametiwa vitu vya kuwafanya watoto wa kike wawe tasa. Majimbo mengine yalirejea mapema. Kano ilikaa karibu miezi 11.

Si haki kusema kwamba waliokataa hawakuwa na hoja ya kisharia. Makusudio ya Sharia ni kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Waliohimiza chanjo walisimama juu ya kuhifadhi nafsi, na waliokataa walisimama juu ya kuhifadhi kizazi. Tena hofu yao haikuzuka hewani. Mwaka 1988 serikali ya Nigeria ilikuwa imetangaza sera ya idadi ya watu iliyohimiza kila mwanamke asizidishe watoto wanne. Watu waliyaunganisha mambo matatu: sera ya 1988, majaribio ya 1996, na wageni wanaobisha hodi mlango kwa mlango na dawa ya bure, ilhali katika zahanati dawa ya homa ya mtoto haipatikani ila kwa fedha. Wazazi waliuliza kwa nini hili moja tu ndilo linaloletwa mpaka nyumbani, na swali hilo halikujibiwa vya kutosha.

Lakini Allah (S.W.) ametuamrisha katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe habari inapotujia tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Hapa ndipo tahqiqul-manat ilipohitajika: je, ndani ya matone yale kweli mna kinachozuia uzazi? Vipimo vilifanywa, na majibu ya makundi mbalimbali yakagongana, kila upande ukiwakataa wapimaji wa upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 2004 ujumbe uliokuwa na viongozi wa dini ulisafiri hadi Afrika Kusini, India na Indonesia kushuhudia vipimo, ukarejea na jibu kuwa chanjo ni salama. Hatimaye Kano ilikubali kutumia matone yaliyotengenezwa na kampuni ya Biofarma ya Bandung, Indonesia, nchi ya Kiislamu, na kampeni ikaanza tena Julai 2004.

Kwa upande wa hukumu, fatwa hazikukosekana. Mwaka 2003 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilijadili chanjo ya polio ambayo katika utengenezaji wake hutumika kimeng'enya chenye asili ya nguruwe, nalo likairuhusu. Mwaka huo huo Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika mkutano wake wa kilele nchini Malaysia, ilizitaka nchi wanachama zimalize polio. Pamoja na hayo yote, mzazi wa Kano hakuwa akiuliza juu ya kimeng'enya. Alikuwa akiuliza: nitamwamini nani?

Gharama ya kuchelewa

Ugonjwa haukungoja majadiliano. Nigeria ilikuwa na wagonjwa 355 wa polio mwaka 2003 na 782 mwaka 2004. Kirusi kilisafiri na wasafiri kupita Chad na Sudan hadi Saudi Arabia, kikaingia Yemen, ambako mwaka 2005 watoto zaidi ya 470 walipooza. Kikaingia Somalia, na kutoka huko kikafika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya mwaka 2006. Kikafika pia Indonesia, iliyokuwa imekaa miaka kumi bila polio. Huko kiligunduliwa mwaka 2005 katika Java Magharibi, jimbo lile lile ambalo Bandung ni mji wake mkuu, na watoto zaidi ya 300 wakapooza. Nchi iliyowapelekea watu wa Kano chanjo waliyoiamini ilirudishiwa maradhi yaliyotokana na kuchelewa kule. Saudi Arabia nayo ikaweka sharti la chanjo ya polio kwa mahujaji kutoka nchi zenye ugonjwa.

Sasa tutazame jambo ambalo wengi hulipita. Kugoma kulikwisha Julai 2004. Kama kugoma ndiko kulikuwa sababu pekee, wagonjwa wangepungua haraka. Lakini Nigeria ilikuwa na wagonjwa 830 mwaka 2005 na 1,122 mwaka 2006. Maana yake ni kwamba chini ya tatizo la kukataa palikuwa na tatizo jingine kubwa zaidi na la zamani zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionesha kuwa ni asilimia 13 tu ya watoto wa Nigeria wenye umri wa miezi 12 hadi 23 waliokuwa wamemaliza chanjo zote za kawaida. Katika kanda ya Kaskazini Magharibi, ilimo Kano, walikuwa takriban asilimia 4. Watoto 96 katika kila 100 hawakuwa wamemaliza, na wengi wao wazazi wao hawakuwahi kukataa chochote. Huduma haikuwafikia.

Udhaifu huo uliwasha moto mwingine. Kirusi kilichodhoofishwa kilichomo katika matone, kikizunguka kwa muda mrefu baina ya watoto wasio na kinga, huweza kubadilika na kurudia nguvu ya kupoozesha. Hayo yalitokea Kaskazini mwa Nigeria, na mlipuko uliokuwapo mwaka 2006 ulitangazwa hadharani Septemba 2007. Huu ni ukweli ambao imamu anapaswa kuujua ili asidanganywe na yeyote: dawa ya tatizo hilo ni watoto wengi zaidi kupata kinga kwa ratiba, na habari kutolewa mapema bila ya kufichwa.

Maswali yanayostahiki kutangulizwa

Tangu mwaka 1974, Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa chanjo za kawaida kwa watoto wote, fedha na akili nyingi zimeelekezwa katika kutafuta chanjo mpya. Hilo ni jema. Lakini mafunzo ya Kano yanatuonesha kuwa yapo maswali mengine yanayotangulia, nayo ni ya kuuliza kuhusu huduma yenyewe. Utafiti wa namna hii hauhitaji kumdunga mtoto dawa ya kujaribu. Unachunguza foleni, majokofu, kadi na maneno ya wazazi, na kwa hiyo uko mbali na yale yaliyozuiwa na Baraza la Fiqhi.

Swali la kwanza ni: nani hajafikiwa kabisa, na yuko wapi? Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, mwaka 2023 Nigeria ilikuwa na zaidi ya watoto milioni 2 ambao hawakupata hata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Hawa ni kama Abdurrahman bin Auf katika kisa cha Sargh: hawapo barazani, na bila ya wao jibu halikamiliki.

Swali la pili: kwa nini mtoto aliyeanza hakumaliza? Dozi hizo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua katika mwezi wa 9. Mama aliyekuja mara ya kwanza hakuwa mpinzani. Kilichomzuia kurudi chapaswa kuulizwa kwake yeye: umbali, nauli, homa ya mtoto baada ya sindano ambayo hakutanguliziwa habari zake, maneno makali ya mhudumu, ruhusa ya mume, au kufika na kuambiwa chanjo imekwisha.

Swali la tatu: chanjo inafika ikiwa nzima? Nyingi hutakiwa kukaa baina ya nyuzi joto 2 na 8 kutoka ghala kuu hadi zahanati ya mwisho. Mahali umeme unapokatika kila siku, hili lapaswa kupimwa na si kudhaniwa.

Swali la nne: hesabu zinasema kweli? Idadi inayoandikwa kumfurahisha mkubwa ni ushahidi wa uongo, na anayeumia ni mtoto aliyeandikwa kuwa amechanjwa ilhali hakuchanjwa.

Swali la tano, na kwa wasomaji wa jarida hili huenda ndilo la karibu zaidi: imani ya watu inajengwaje na inavunjwaje? Mwaka 2009 masultani na maamiri wa Kaskazini, wakiongozwa na Sultani wa Sokoto, waliunda kamati ya viongozi wa jadi kusimamia afya ya msingi na kumaliza polio. Njia haikuwa nyepesi. Mwezi wa Februari 2013 wanawake tisa waliokuwa wakitoa matone waliuawa mjini Kano. Hata hivyo wagonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Nigeria walionekana Borno mwaka 2016, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa imeiondoa. Ni nini hasa walichokifanya viongozi hao kilichofanikiwa, na kwa nini chanjo za kawaida hazikupanda kwa kasi ile ile? Swali hili linawahitaji wanazuoni wakae pamoja na matabibu tangu siku maswali yanapoandikwa. Kuwaita mwishoni waje kusoma tangazo tu baada ya swala ya Ijumaa ni kurudia makosa.

Nafasi ya imamu

Tuhitimishe kwa mtu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 aliugua ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida. Alifanya kazi hospitalini na chanjo ilikuwa karibu naye, lakini aliikwepa. Alieleza baadaye kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Allah akamponya. Polio ilipoirudia Somalia, alijiunga na kazi ya kuiondoa, akizunguka kwa wazazi na kuwasimulia habari zake, mpaka alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Kisa hiki kinatufundisha kuwa si kila asiyechanjwa ni mkaidi au mwenye fatwa mkononi. Mwingine anaogopa tu sindano, na hakuna aliyekaa naye akamuuliza. Imamu anaweza kumuuliza. Yeye huhudhuria akika, huwajua waliozaliwa mtaani kwake na nyumba ambazo wauguzi hawazijui. Akizikusanya sababu za wazazi kwa uaminifu, bila ya kuzipamba wala kuzidharau, na kuzifikisha kwa wahusika, atakuwa amefanya tahqiqul-manat katika jambo linalogusa uhai wa watoto wa Umma. Na akiona amana imevunjwa, kama ilivyokuwa Kano mwaka 1996, ni wajibu wake kusema pia, kwa ushahidi na kwa wakati, kwa sababu dhulma iliyonyamaziwa mwaka ule ililipwa na watoto ambao hawakuwa hata wamezaliwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awape wataalamu wetu uaminifu na wanazuoni wetu busara ya kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wabillahit-tawfiq.